Ndege Mpya Si Bao la Dakika ya Tisini

Kila Januari, wakati wengine wanahesabu karo na madeni ya Krismasi, sisi wapenzi wa ndege huwa na sikukuu yetu. Boeing wanatoa hesabu ya ndege walizokabidhi wateja mwaka uliopita, Airbus wanatoa yao, na magrupu ya WhatsApp yanawaka moto. Kuna memes, kuna matusi, na lazima kuna mtu ataandika "mwaka huu tunarudi" kana kwamba ana hisa Seattle. Ukichungulia bila kujua ni nini kinaendelea, utadhani ni Gor na Ingwe.

Mimi pia nimo. Nina jedwali ambalo nimelijaza tangu 2018, kwanza nikiwa chuo, halafu nikiwa nimeacha chuo, na sioni haya. Lakini wasee, tunahesabu vibaya. Tunahesabu kama mashabiki, na hakuna kitu muuzaji yeyote hupenda kama mteja anayemshangilia bure.

Chukua 806. Hiyo ni idadi ya ndege za Boeing zilizokabidhiwa 2018, rekodi yao. Airbus walifika 800. Ndege sita tu za tofauti, na tukakesha tukibishana. Sasa ndani ya hizo 806 kuna moja iliyoandikwa ET-AVJ, 737 MAX 8 ambayo Ethiopian Airlines walikabidhiwa Novemba 2018. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo, wiki chache kabla, ndege ya aina ile ile ya Lion Air ilikuwa imezama baharini Indonesia na watu 189. Makabidhiano hayakusimama. Yangesimama vipi? Mwisho wa mwaka ndio wakati kiwanda kinasukuma kila kitu kitoke mlangoni, kwa sababu sehemu kubwa ya bei hulipwa siku mteja anapochukua ndege. Ndege iliyokwama uwanjani kwa kiwanda haileti hela.

Tarehe 10 Machi 2019 ET-AVJ iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Haikumaliza hata dakika kumi angani. Watu 157 walikufa, na Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Ndege yenyewe ilikuwa na umri wa miezi minne, ile ambayo mtu wetu angeiita "brand new, bado inanuka kiwanda".

Halafu 2020, MAX zikiwa zimefungiwa karibu mwaka mzima na Covid imefunga anga, Boeing walikabidhi ndege 157. Nambari ile ile. Najua ni sadfa, sitaki kumuuzia mtu ushirikina hapa. Lakini Airbus walikuwa na 566, na hiyo Januari watu walicheka Boeing walivyopigwa 566 kwa 157. Walicheka, bana. Hakuna hata mmoja aliyesema hiyo nambari tunaijua kutoka mahali pengine.

Msinielewe vibaya, sisemi tuache kuhesabu. Kinyume kabisa. Katika biashara nzima ya ndege, makabidhiano ndiyo nambari ngumu zaidi kudanganya. Oda ni maneno. Inapigwa picha maonyesho ya Dubai au Paris, watu wanasalimiana, na miaka mitatu baadaye inafutwa kimya kimya. Lakini ndege iliyokabidhiwa imebadilisha mwenyewe. Pesa imetoka. Deni limezaliwa. Kuna namba ya kiwanda, kuna usajili, kuna tarehe. Mtu yeyote mwenye bando na subira anaweza kuifuata tangu safari za majaribio mpaka inapotua nyumbani, kwa sababu ndege zenyewe hutangaza zilipo kwenye masafa ya 1090 MHz, na kifaa cha kuzisikiliza ni kidude cha USB, antena ya kujitengenezea na kompyuta ndogo isiyozidi kiganja. Hapa Voi tuko kwenye njia ya Nairobi–Mombasa. Zikifika juu yetu ndio zinaanza kushuka.

Kwa hivyo tuna data. Shida ni tunachoifanyia.

Rudi 2014. Mwezi Aprili, Dreamliner ya kwanza ya Kenya Airways inatua. Shangwe, nyimbo, wakubwa wa serikali kwenye ngazi. Kulikuwa na mpango ulioitwa Mawingu, wa kufikisha ndege 119 ifikapo 2021. Zikaja 787 tisa, zikaja 777-300ER tatu. Mnajua nganya mpya ikitoka kwa fundi, ile ya graffiti na skrini kila kiti, inazungushwa mtaa mzima kabla haijabeba abiria hata mmoja? Na kila mtu anaisifu isipokuwa mama mboga mmoja anayeuliza, hii imelipwa na nani? Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 shirika likapata hasara ya shilingi bilioni 25.7, ambayo wakati huo ilikuwa hasara kubwa kuliko ya kampuni yoyote katika historia ya Kenya. Mwaka 2016, zile 777 tatu zikakodishwa kwa Turkish Airlines, na 787 mbili zikaenda Oman Air. Ndege tulizozipigia vigelegele zikawa zinabeba abiria wa Istanbul na Muscat.

Naye mama mboga akajibiwa 2017: ni yeye. Serikali iliweka dhamana ya dola milioni 750 kwa madeni ya shirika, ikageuza sehemu ya deni kuwa hisa na kubaki na asilimia 48.9. Hiyo dhamana si ya Nairobi peke yake. Mkulima wa kitunguu Taveta yumo, na mwalimu wa Mwatate yumo, hata kama hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona boarding pass.

Kuna watakaosema shirika limefufuka, angalia 2024: faida ya bilioni 5.4, ya kwanza kwa zaidi ya miaka kumi. Sawa, nilifurahi. Halafu 2025, 787 tatu kati ya zile tisa zikawa chini kwa wakati mmoja zikisubiri matengenezo, na nusu ya kwanza ya mwaka ikarudi na hasara ya takriban bilioni 12. Sasa niambie, kwenye ile hesabu yetu ya ushabiki, hizo ndege tatu ziko safu gani? Haziko. Kwetu sisi ndege huzaliwa tu. Haiugui.

Majirani hawana cha kutucheka. Air Tanzania ilikuwa na Bombardier iliyoshikwa Canada 2017 hata kabla haijakabidhiwa, kwa sababu ya deni la serikali, na Airbus A220 iliyoshikwa Johannesburg 2019. Kufikia 2022 baadhi ya hizo A220, zilizopokewa kwa maji ya zimamoto na hotuba ndefu, zilikuwa zimeegeshwa kwa ubovu wa injini. Ripoti za CAG zimekuwa zikitaja hasara mwaka baada ya mwaka. Uganda wakanunua A330neo mbili katikati ya Covid. London ikafikiwa Mei 2025. Ethiopian ndio hutajwa kila mara kama jibu kwa mtu kama mimi, na kweli wanajua kazi, lakini hata wao ndio waliokabidhiwa ET-AVJ.

Nikisema haya huwa naulizwa: wewe mtu wa Voi yanakuhusu nini? Hujawahi hata kufanya kazi airport. (Kweli. Nimewahi tu kufutishwa picha kwenye simu na askari wa uwanja mmoja, aliyedhani kupiga picha mkia wa ndege ni ujasusi.) Swali lenyewe linachekesha ukijua historia ya hapa. Mwaka 1915, Waingereza walipokuwa wakipigana na Wajerumani mpakani, ndege za kijeshi ziliruka kutoka Maktau, kwenye ile reli ya kwenda Taveta. Nyanya zetu walikuwa wanaangalia juu kabla baadhi ya mitaa ya Nairobi haijapewa jina. Hakuna aliyewauliza wanaonaje, wala waliohesabu hizo ndege hawakuwa wao.

Na tena tuna walimu hapa hapa. Ukisema Taita kwamba wewe ni mpenzi wa ndege, watu watakuelekeza msitu wa Ngangao. Wanadhani umekuja kuona ndege wenye manyoya, kama wale wazungu wanaokuja na darubini kumtafuta apalisi wa Taita, kandege kadogo kasikopatikana popote pengine duniani na ambako kanakaribia kutoweka. Nilikuwa nakasirika kufananishwa nao. Siku hizi naona wametuzidi. Wale watu, pamoja na vijana wa hapa wanaowasaidia, hawahesabu makinda yaliyoanguliwa halafu wakapiga makofi wakaenda nyumbani. Wanarudi msitu ule ule, mwaka baada ya mwaka, na kuuliza ni wangapi waliobaki, na miti gani imekatwa tangu mara ya mwisho. Kazi ya kuchosha, haina meme hata moja.

Sisi tuna vifaa bora kuliko darubini na tumevitumia kubishania Boeing na Airbus, kampuni mbili ambazo hazijui Voi iko wapi. Mwaka 2024 ilikuwa 766 kwa 348, baada ya mlango bandia wa MAX ya Alaska Airlines kung'oka angani Januari na wafanyakazi kugoma baadaye, na bado mjadala ulikuwa nani kamnyoa nani. Ni uvivu, na tunaupamba kwa istilahi za kiufundi ili uonekane ujuzi.

Jedwali langu nimelibadilisha. Safu ya makabidhiano ipo bado, lakini kando yake kuna nyingine: nani alikopesha, nani alidhamini, ndege iliruka siku ngapi mwezi huu, imeegeshwa wapi, na kama imekodishwa, kwa nani. Safu ya mkopo ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu anga iko wazi kuliko mikataba ya Hazina. Zingine zote zinajazika ukiwa umekaa nyumbani. Kwa sasa nafuatilia 787 tisa za Kenya Airways peke yake, kila Jumapili usiku, na kazi inachukua chini ya saa moja. Natafuta mtu wa kuchukua Embraer. Tena nyingine za Entebbe na Dar hazina mtu kabisa.