Watoto wenye ulemavu waanzie darasa la awali



Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya watoto wenye ulemavu na madarasa ya awali huku vijijini.

Mwaka juzi nilikabidhiwa darasa la awali lenye watoto 94, ingawa kiwango kilichowekwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Alikuwemo mvulana ambaye nikiita jina lake haitiki. Nikamhesabu kuwa mkaidi, nikamkalisha nyuma. Muhula mzima ukapita. Siku moja nikagundua kwamba nikimtazama usoni anafuata kila nisemalo, nikigeukia ubao anapotea. Kumbe sikio lilikuwa likitoa usaha tangu akiwa mchanga, na mama yake alidhani ni kawaida ya watoto. Zahanati ikamtibu, nami nikamleta mbele. Sasa yuko darasa la pili na anasoma, japo sikio moja halisikii vizuri.

Kosa lilikuwa langu, sikatai. Lakini chuoni elimu maalumu tuliipitia juu juu tu, na mwalimu aliyesomea kazi hiyo Patandi sijapata kumwona katika kata yetu.

Wapo wanaosema watoto hawa wote wapelekwe shule maalumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka wasome shule za kawaida, isipokuwa anayehitaji mawasiliano maalumu. Kiziwi kabisa anahitaji lugha ya alama, na shule kama ile ya viziwi ya Buguruni zina kazi yake. Lakini mtoto wa miaka mitano umtoe kwa mama yake umpeleke bweni mkoa mwingine, mzazi gani atakubali? Basi anafichwa ndani mpaka anafikisha miaka 10 hajashika chaki. Hapa kijijini nawajua wawili.

Napendekeza siku ya uandikishaji mhudumu wa zahanati awepo shuleni, apime macho na masikio ya kila mtoto. Kumnong'oneza mtoto kwa nyuma na kubandika chati ya herufi ukutani hakuhitaji mashine wala fedha nyingi. Pia kila kata ipeleke mwalimu mmoja kwenye mafunzo, hata ya wiki chache.

Je, Idara za Elimu na Afya wilayani haziwezi kukaa pamoja kwa jambo hili kabla ya uandikishaji ujao? Wale wawili nimeshazungumza na wazazi wao. Mmoja amekubali, mwingine bado ananikwepa.

Mwalimu wa Kijijini,
Dodoma.