Kasapa: moshi tuliuona sisi wote, wanamama hatukuwaona

Ndugu zetu vijana wa Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi, Kampemba, Annexe, na nyinyi wote wenye muko mbali na muji wetu wa Lubumbashi,

Tarehe 25 Septemba 2020 ilikuwa siku ya ijumaa. Ulikuwa mwaka wa korona, tulikuwa tunatembea na kashene ku mdomo. Siku ile moto ukawaka ndani ya gereza kuu la Kasapa. Wengine wetu tulionaka moshi kwa macho, upande wa barabara ya kwenda ku kampusi. Wengine tuliuonaka ku telefone tu, mu video ya dakika moja, mutu anapiga kelele: "Kasapa inawaka!" Tukatuma ile video kwa wengine, nao wakatuma. Mbele ya saa moja kupita, muji mzima ulikuwa unajua.

Mukumbuke swali la kwanza lenye tuliulizaka siku ile. Hatukuuliza nani anaungua. Tuliuliza: "Banani bametoroka? Beko wapi? Tufunge milango mapema?"

Hatusemi swali lile lilikuwa la bure. Septemba 2011 watu wenye silaha walishambulia gereza lile lile, na wafungwa karibu 1,000 wakatoka kwa siku moja, pamoja na Gédéon Kyungu, kiongozi wa Mai-Mai mwenye alikuwa amehukumiwa kifo. Tangu siku ile, mutu wa Lubumbashi akisikia kelele ku Kasapa anawaza inje: ku njia yake, ku nyumba yake, ku bana yake. Woga ule tunauelewa, ni wetu pia. Lakini leo, miaka mingi kiisha ule moto, tunataka tuseme waziwazi kama woga ule ulitufanya tuangalie upande mubaya.

Juu gani? Juu serikali nayo iliangalia upande ule ule. Polisi na askari walifika, wakazunguka ukuta ili mutu asitoroke. Na ndani? Ndani wafungwa wanaume walikuwa wamekamata gereza. Jengo la wanawake liliungua. Wanamama wakabaki inje mu lupangu, pashipo nyumba, pashipo mulango wa kufunga. Wakabakwa. Si saa moja, si usiku moja. Toka ijumaa mpaka siku ya kwanza, tarehe 28, wakati askari waliingia na kurudisha utaratibu. Human Rights Watch ilizungumuza na wenye waliona na wenye walitendewa, ikatoa habari Oktoba 2021: makumi ya wanawake, na kati yao musichana mwenye alikuwa bado mutoto. Siku tatu, ndugu zetu. Siku tatu mu muji wenye universite, wenye redio, wenye makanisa kila avenyu, wenye sisi.

Ukuta ulilindwa. Watu hawakulindwa. Hii njo maneno yetu ya leo, na mengine yote yanatoka hapo.

Waza kidogo namna tunafanyaka nyumba ikiwaka ku Katuba. Mutu analala, anasikia harufu, anatoka na singlendi tu. Jirani analeta ndoo, mwingine anavunja mulango na nyundo, mwingine anatoa bana kupitia dirisha. Hatungojeaka mapompie, juu tunajua kama wanaweza kuchelewa. Tunaingia. Ata mwenye tuligombana naye jana, tunatoa godoro lake inje.

Ku gereza hauwezi kuingia. Ukuta ni wa serikali, ufunguo ni wa serikali, bunduki ku mulango ni ya serikali. Mufungwa naye hawezi kujitoa mwenyewe. Njo maana mwenye kufunga mutu anabeba deni kubwa kupita jirani yeyote: amenyanganya yule mutu miguu ya kukimbia, basi lazima yeye awe miguu yake siku ya moto. Katiba yetu ya 2006 inasema vile mu kifungu cha 18: kila mufungwa atendewe kwa namna inalinda uzima wake, afya yake ya mwili na ya akili, na heshima yake. Hakuna mahali imeandikwa "isipokuwa kama kuna fujo".

Tunajua mwenye atajibu ku maoni: "Hao ni wezi, bapate tu. Kama hawakukosa, wangekuwa Kasapa kufanya nini?" Tumesikia maneno hii ata mu nyumba zetu, kwa wazazi wetu, kwa wayaya wetu. Tunajibu mambo mawili.

Ya kwanza: wengi mu magereza ya inchi yetu hawajahukumiwa. Wanangojea. Mutu anakamatwa juu ya deni, juu ya ugomvi wa shamba, juu jirani mwenye feza alimusemea ku parke, kiisha faili yake inalala. Kifungu cha 17 cha katiba kinasema uhuru njo kanuni, kufungwa ni kitu cha mara moja moja. Kwetu wamegeuza. Na usiseme haikuhusu: mu 2017 vijana wenye walitoka mu barabara za Lubumbashi kuomba tarehe ya uchaguzi, kuko wenye walilala Kasapa. Hawakuiba kitu. Kesho inaweza kuwa wewe, ao dada yako.

Ya pili: tuseme ata alikosa, ata alihukumiwa. Muamuzi alimuandikia miaka. Hakumuandikia moto, na hakumuandikia kubakwa. Ule mwanamuke alikuwa analipa deni lake lote kwa kukaa ndani. Yenye ilimufikia kuanzia tarehe 25, hakuna hukumu yenye iliitaka.

Sasa tuangalie hesabu. Gereza la Kasapa lilitengenezwa kwa watu 800. Mu 2020 walikuwa ndani zaidi ya 2,000. Mahali pa mutu mumoja wanakaa wawili na nusu. Mu hali ile, walinzi kidogo hawawezi kitu: wafungwa njo wanajiongoza wenyewe, mwenye nguvu anauza mahali pa kulala, na mwenye familia haimuletee bukari anashinda njala. Tena wanawake wamewekwa mu lupangu moja na wanaume, kati yao kunapita ukuta na mulango tu. Siku walinzi wanakimbia, ule mulango si kitu tena.

Tungesema ilikuwa ajali, kama ingekuwa mara moja. Lakini usiku wa tarehe 2 Septemba 2024, ku gereza la Makala mu Kinshasa, lenye lilijengwa kwa watu 1,500 na lilikuwa limebeba karibu mara kumi, fujo ikaanza. Serikali yenyewe ilitangaza wafu 129, moto ku jengo la biro, ku chumba cha wagonjwa na ku depo ya chakula, na wanawake wenye walibakwa. Kiisha, tarehe 27 Januari 2025, siku M23 ilikuwa inaingia Goma, wafungwa wakavunja gereza la Munzenze. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema wanawake zaidi ya 160 walibakwa, na wengi wao wakafa mu moto wenye uliwashwa mu sehemu yao.

Lubumbashi, Kinshasa, Goma. Gereza limejaa kupita kiasi, wanawake karibu na wanaume, walinzi wanaenda, moto unawaka, na wenye kuteswa kwanza ni wale wale. Kasapa ilikuwa somo. Kama somo lile lingeshikwa mu 2020, wanamama wa Munzenze labda wangekuwa na mulango wao wenyewe wa kutokea.

Na sisi? Tusiseme serikali tu. Sisi vijana tulipiga foto ya moshi, tukaweka ku statu, tukahesabu wenye wameona. Siku ya kwanza, wakati moshi uliisha, nasi tuliisha. Wiki yenye ilifuata, wangapi kati yetu walienda kuuliza kama wale wanamama wamepata munganga? Dawa za kuzuia ukimwi kiisha kubakwa lazima zianze mbele ya saa 72, na zikianza mapema njo bora zaidi. Saa 72 ni siku tatu. Hesabu mwenyewe: mwenye alitendewa ijumaa na akafunguliwa siku ya kwanza, ule muda ulikuwa umemuishia mukononi. Swali lile tulipashwa kulipiga kelele siku ya posho, siku ya mungu, mbele ya ule ukuta. Hatukufanya. Tunaomba radhi kwa wale wanamama, na hatusemi hivi kwa kupamba maneno.

Hatutaweka hapa majina yao, na tunakuomba nawe usiyatafute. Kuko wenye walirudi ku nyumba na hawakuambia mutu, juu wanajua yenye bwana, shemeji na jirani watasema. Haya si yao. Haya ni ya wenye walifanya, na ya wenye walikuwa na ufunguo.

Yenye tunaomba ni haya, na tunayaomba kwa guvernere, kwa minisita wa sheria, kwa parke na kwa madepite wenye tulichagua:

1. Wanawake watolewe mu lupangu ya wanaume. Wapewe nyumba yao yenye ukuta wake, mulango wake ku barabara, na walinzi wanawake.

2. Kila jengo la Kasapa liwe na mulango wa pili, maji na vifaa vya kuzima moto, na ijulikane saa yote nani anashika ufunguo. Mapompie wajue njia ya kuingia mbele moto haujawaka.

3. Parke ipite ndani kila mwezi, faili moja moja. Mwenye amengojea kupita muda wa sheria arudi kwao.

4. Matokeo ya uchunguzi wa 2020 yatangazwe: si wafungwa tu wenye walibaka, lakini pia nani aliacha kazi yake, na nani aliamua kungojea siku tatu.

5. Wanamama watunzwe na walipwe. Desemba 2022 inchi ilipata sheria juu ya wenye walibakwa mu vita. Ku Kasapa hakukuwa vita. Wasisahauliwe juu ya sababu ile.

Na wewe mwenye unasoma, kuko kitu chako pia. Kama uko na mutu ndani, muende wawili watatu, si peke yako. Mukimupelekea chakula, muulize habari za upande wa wanawake, muwapelekee sabuni na vitambaa vya mwezi. Kama uko mwanafunzi wa sheria, kampusi yako iko Kasapa, gereza nalo liko Kasapa: faili zenye zinalala ziko karibu na darasa lako kuliko unavyowaza.

Siku ingine ukiona moshi juu ya ukuta ule, piga foto kama unataka. Lakini usiulize kwanza nani ametoka. Uliza nani amebaki ndani, na ufunguo uko kwa nani. Kiisha tuitane, tuende kusimama pale mpaka ule mulango ufunguliwe.