Jua la Kileleni Liwaangazie na Wapagazi

Katika msimu wa kupanda Mlima Kilimanjaro, msururu wa taa ndogo huonekana usiku ukijikokota katika mteremko wa Kibo. Hao ni wapandaji walioondoka katika kambi ya Kibo, kiasi cha mita 4,700 juu ya usawa wa bahari, kwenye saa 6 usiku. Huondoka saa hiyo kwa sababu changarawe za volkano hiyo iliyolala huwa zimeshikana kwa baridi, na mguu hauteleze nyuma kama uteleavyo mchana. Wakijaliwa, hufika ukingoni mwa kreta, penye Gilman's Point, jua likichomoza upande wa Mawenzi na mawingu yote yakiwa chini ya miguu yao. Wenye nguvu husonga mbele hadi Kilele cha Uhuru, mita 5,895.

Fahari hiyo ni halali yao, kwa kuwa wameitolea jasho na fedha. Lakini hawakuitolea jasho peke yao. Chakula walichokula, maji waliyokunywa na mablanketi waliyojifunika vilipandishwa mlimani kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Na usiku ule, wakati wapandaji wakiongozwa kwenda kulipokea jua, wengi wa wapagazi hao hubaki kambini, wakingoja kubeba mizigo ya kurudi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1889, Wazungu wawili, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, walifika kileleni, na kilele kikapewa jina la Mfalme wa Ujerumani. Muini Amani wa Pangani, aliyewapikia na kuwatafutia maji na kuni katika kambi ya juu, hakupewa hata jiwe. Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya Tanganyika na kuuweka Mwenge juu ya kilele hicho, na jina la mfalme likaondoka. Swali linalobaki ni hili: je, pamoja na jina, umeondoka pia utaratibu wa mmoja kubeba na mwingine kufaidi?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifundisha kwamba kazi ni ya heshima na kwamba mfanyakazi anastahili pato la haki kwa jasho lake. Mafundisho hayo hayaishii langoni mwa hifadhi. Wapo wasemao kwamba mpagazi hakulazimishwa, na kwamba akikataa malipo madogo, wapo kumi wengine wanaongoja langoni. Hiyo ni hoja ya mnyonyaji. Shida ya watu kumi haiwezi kuwa kibali cha kumdhulumu mmoja. Wapo pia wasemao kwamba mpagazi atapata bakhshishi ya mgeni. Bakhshishi ni hisani. Ujira ni haki. Mwajiri anayelipa haki kwa hisani ya mtu mwingine hajalipa kitu.

Kanuni zipo. Mzigo wa mpagazi haupaswi kuzidi kilo 20, na mizani huwekwa langoni. Lakini mizani haina macho. Mwenye macho ni mtumishi wa umma anayeisimamia. Akifumba macho asubuhi moja, au mzigo ukiongezwa baada ya lango, kijana mwenye koti jepesi atalipia uzembe huo kwa mgongo wake, na pengine kwa uhai wake, kwani baridi ya Kibo haimchagui mgeni wala mwenyeji.

Walimu nao wanalo jukumu. Mwanafunzi anayefundishwa urefu wa mlima na asifundishwe ni nani wanaoupanda na mizigo, amefundishwa nusu. Vivyo hivyo, watumishi wanaopanda kuadhimisha Uhuru hawana budi kuwa wa kwanza kuuliza kabla ya safari: wapagazi watalipwa kiasi gani, lini, na watalala wapi?

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mpagazi wa Kilimanjaro huchumia juani na kwenye barafu pia. Kivuli chake ni ujira kamili uliolipwa kwa wakati. Mwenge uliwekwa kileleni ili mwanga wake ushuke hadi kwa mnyonge. Usiishie kwa yule aliyefika juu.