Kiboko Ana Fomu, Ziwa Halina

Mama zangu wa Kaswanga na wazee wa Waware, kisiwani Rusinga, na nyinyi vijana mnaovuta maji kwa pampu kando ya Ziwa Victoria, nawasalimu kutoka Iowa.

Mvua ikizidi huko, simu yangu huku hulia, nami hutuma pesa. Sinung'uniki. Kwa sasa bima ya shamba letu ni M-Pesa. Ila nimeanza kujiuliza serikali yenyewe hulipia nini.

Tumwangalie kiboko. Akipanda usiku akafyeka mahindi yako, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamtambua: unaripoti kwa Shirika la Wanyamapori, KWS, fomu inajazwa, hasara inakaguliwa, kamati ya kaunti inakaa. Malipo huchelewa hadi mtu akasahau alipanda nini, lakini kuna mlango wa kubisha. Sasa ziwa. Mei 2020 lilivuka hata kiwango cha rekodi cha 1964. Sukuma na nyanya za ufukweni zikienda na maji, mihogo ikiozea ardhini, tulichozoea kuletewa ni unga, blanketi na mpiga picha wa mheshimiwa. Shamba lenyewe halina fomu.

Hata zile pesa za HSNP za kukabili njaa ya ukame zilianzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, na siwaonei wivu. Sisi mtu akituona tumezungukwa na maji, hadhani kwamba mtama wetu hukauka.

Huku Iowa, tarehe 10 Agosti 2020, upepo mkali ulilaza mahindi mashamba kwa mashamba. Lakini wakulima walikuwa wameshapeleka taarifa katika ofisi ya kilimo ya wilaya yao, kama wafanyavyo kila mwaka kufikia katikati ya Julai: ekari ngapi, zao gani, kipande kipi. Ng'ombe akiuawa na dhoruba, serikali hulipa asilimia 75 ya bei ya soko, mradi uonyeshe kuwa alikuwepo. Msidhani nawasifia Marekani. Wenye mashamba makubwa hupata kikubwa, na wakulima weusi walibaguliwa katika mikopo na misaada hiyo mpaka wakashtaki. Suluhu ya kesi yao ilipatikana 1999.

Kilichonivutia ni hiki: anayelipwa ni yule ambaye hasara ya zao ni yake, hata kama shamba amekodi. Hebu tazameni kwetu. Hati ina jina la babu aliyekwisha kuzikwa, na anayeinama na jembe ni mke wa mjukuu. Fidia ikifuata hati, itaishia kwa mjomba wa Nairobi ambaye hajui hata mpaka uko wapi. Nina hakika angekuja kuichukua amevaa suti.

Daftari la wakulima tunalo. Mwaka 2023 machifu waliandikisha watu kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Mbaneni mwakilishi wa wadi (MCA) na afisa wa kilimo lisasishwe kila msimu kabla mvua hazijaanza, liingizwe mihogo, mbuzi, kuku na hizo pampu, na kaunti itenge fungu linalolipwa kwa daftari hilo, si kwa orodha inayoandikwa barazani maji yakiwa magotini. Na chifu akifika, wanawake wanaolima waandikwe kwa majina yao na namba zao za simu. Si ya mume aliye mjini, wala yangu mimi.