Arobaini za Mwizi ni Arobaini za Mwenye Mali Pia

Wahenga walinena kuwa siku za mwizi ni arobaini. Aghalabu methali hii hutajwa darasani na barazani kama kitisho kwa mwizi: aibe atakavyo, siku yake itafika. Ni nadra kuulizwa swali la pili: katika siku hizo arobaini, mwenye mali huwa akifanya nini? Iwapo amekaa akinoa panga, methali imempita. Iwapo anatia alama, anakusanya ithibati na kupiga ripoti, basi siku hizo ni zake pia. Makala haya yanashikilia msimamo huo wa pili na kuutetea kwa mfano wa mbali wenye funzo la karibu: wizi wa vifaa vya uwindaji katika mashamba ya watu binafsi nchini Marekani.

Mfano huu haungeweza kuchotwa Kenya, kwa kuwa uwindaji wa kujiburudisha ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Marekani mambo ni tofauti. Huko wanyamapori huhesabiwa kuwa amana ya umma inayosimamiwa na kila jimbo, lakini sehemu kubwa ya ardhi wanamowindwa, hasa upande wa mashariki, ni ya watu binafsi. Mwindaji wa kulungu hutegemea vifaa viwili ambavyo lazima viachwe porini. Cha kwanza ni kiti kinachofungwa juu ya mti, ili mnyama asimwone wala kunusa harufu ya mwindaji kwa urahisi. Cha pili ni kamera ndogo inayofungwa shinani mwa mti na kujipiga picha yenyewe kila kiumbe chenye joto kinapopita mbele yake. Vifaa hivi hukaa msituni kwa majuma, pengine miezi, hali mwenyewe anaishi mjini. Kwa mwizi, hiyo ni karamu isiyo na mlinzi.

Hasira ya aliyeibiwa yaeleweka. Katika jimbo la Wisconsin, msimu mkuu wa kuwinda kulungu kwa bunduki umekuwa wa siku 9 tu kwa desturi ya miaka mingi. Mtu aliyeungoja mwaka mzima hudamka alfajiri, akatembea gizani, akafika na kukuta mti mtupu. Fauka ya hasara ya fedha, ameibiwa msimu wake. Tena kiti kilicholegezwa kamba na mwizi aliyeshindwa kukichukua chaweza kumwangusha mwenyewe na kumvunja uti wa mgongo. Kwa hiyo wizi huu si jambo dogo, na yeyote anayeuchukulia kuwa mzaha hajamtendea haki aliyeibiwa. Suala ni hatua ipi inayofuata hasira hiyo.

Wapo wanaoshika methali nyingine: dawa ya moto ni moto. Jimbo la Iowa lina kisa kinachoipima kauli hiyo. Mwaka 1967, wenye nyumba kuukuu ya shambani isiyokaliwa na mtu walikuwa wamechoshwa na wezi. Wakafunga bunduki kwenye kitanda cha chuma ndani ya chumba, wakaunganisha kifyatulio chake na mlango kwa waya. Mtu mmoja aliyeingia kutafuta chupa na mitungi ya kale alipoufungua mlango ule, bunduki ililia na kumharibu mguu. Mwizi huyo alikiri kosa lake na kutozwa faini ya dola 50. Wenye nyumba nao walishtakiwa kwa madai na kuamriwa kumlipa dola 30,000. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Iowa iliithibitisha hukumu hiyo, katika kesi ambayo wanafunzi wa sheria wangali wakiisoma kwa jina la Katko dhidi ya Briney. Mahakama haikusema kuwa wizi ni halali. Ilichosema ni kwamba usalama wa binadamu una uzito kuliko mali tupu. Na hapa Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuonya: mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Bunduki iliyofungwa kwa waya haimuulizi anayeingia kama ni mwizi, mtoto aliyepotea, au zimamoto.

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Tarehe 21 Novemba 2004, katika kaunti ya Sawyer huko Wisconsin, mwindaji mmoja wa jamii ya Wahmong, aliyehamia Marekani kutoka Laos, alikutwa ameketi juu ya kiti cha mtini katika ardhi ya watu binafsi. Aliambiwa aondoke, akateremka. Kabla hajatokomea, wenzake wa mwenye ardhi waliwasili na maneno makali yakatupwa. Baadaye mahakamani yeye alidai kwamba alitukanwa kwa ajili ya asili yake na kwamba alipigwa risasi kwanza. Walionusurika walikana kuwa wao ndio walioanza kufyatua. Lisilo na ubishi ni kwamba watu sita walikufa na wawili wakajeruhiwa. Mwaka 2005 mwindaji huyo alipatikana na hatia na kupewa vifungo sita vya maisha. Yafaa msomaji atambue kuwa siku hiyo hapakuibiwa kitu. Kiti kilikaliwa tu, na tayari kilikuwa kimekwisha kuachwa. Ikiwa kiti kilichokaliwa kiligharimu roho sita, kiti kilichoibwa kingegharimu ngapi endapo kila mwenye mali angeamua kuifanyia kesi yake msituni, silaha mkononi?

Basi mwenye mali afanye nini katika arobaini zake? Mosi, atie alama. Aandike nambari iliyopigwa chapa kiwandani, apige picha ya kifaa, atunze risiti, na achonge jina au ishara mahali pasipoonekana upesi. Hekima hii si ngeni Afrika Mashariki. Wakamba wa jadi walitia alama mishale na mizinga yao ya nyuki ili ijulikane ni ya nani, hata ikiwa imetundikwa mbali na nyumbani. Alama ndiyo inayoigeuza shaka kuwa ushahidi.

Pili, aweke mpaka wazi. Tangu Arkansas ilipoanza mwaka 1989, ikafuatwa na Missouri mwaka 1993 na Texas mwaka 1997, majimbo kadhaa yamekubali rangi ya zambarau kuwa tangazo halali la kukataza kuingia. Texas, kwa mfano, hutaka mstari wa wima wenye urefu wa inchi 8, uliopakwa kati ya futi 3 na 5 kutoka ardhini, na katika msitu alama zisipitane kwa zaidi ya futi 100. Kibao hung'olewa, rangi haing'oki. Anayeipita hawezi kusema hakujua.

Tatu, aufanye wizi kuwa kazi ngumu. Kamera itiwe katika sanduku la chuma lenye kufuli, ifungwe juu kuliko kimo cha mtu na kuelekezwa chini. Kiti kifungwe kwa mnyororo, na vidato vya chini vya ngazi viondolewe. Msimu ukiisha, vyote virudishwe nyumbani.

Nne, apige ripoti kwa mkuu wa polisi wa kaunti na kwa askari wa wanyamapori, hata kama kilichoibwa ni kamera moja. Tano, azungumze na majirani, kwani kikulacho ki nguoni mwako. Na hata jirani asipokuwa mwizi, huenda ndiye aliyeliona gari geni.

Mpinzani atasema kuwa polisi hawana muda wa kamera moja. Yamkini ni kweli. Hata hivyo, ripoti kumi za eneo moja huonyesha njia anayopita mwizi, na kifaa chenye nambari iliyosajiliwa kikipatikana katika duka la rehani humrudia mwenyewe. Kisicho na alama hakimrudii mtu, hata mwizi akikamatwa nacho. Mpinzani mwingine atasema kuwa subira ni woga. Huyo ameisahau kazi ya uwindaji. Mwindaji hukaa mtini tangu alfajiri bila kukohoa, akimngoja kulungu ambaye pengine hatakuja. Tena hafyatui risasi mpaka amtambue mnyama barabara, maana anayefyatulia kichaka kinachotikisika huua mwenziwe. Mtu mwenye nidhamu hiyo mbele ya mnyama hana udhuru wa kuikosa mbele ya binadamu.

Hapo ndipo mfano wa mbali unapobisha hodi Kenya. Nchini hakuna viti vya mtini, lakini ipo mizinga ya nyuki, zipo pampu za maji, zipo betri za sola zinazolala shambani usiku. Na lipo neno moja, "Mwizi!", ambalo likipazwa sokoni au kituoni hukusanya umati wenye mawe kabla hajapatikana wa kuuliza ameiba nini na nani alimwona. Katiba ya mwaka 2010 inalinda mali katika ibara ya 40. Katiba iyo hiyo inalinda uhai katika ibara ya 26, na katika ibara ya 50 inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Ibara hizi hazipingani. Anayeitaka moja na kuzikanyaga nyingine anaiibia jamii kitu kikubwa kuliko pampu.

Wafundishao methali wana wajibu hapa. Mwanafunzi anayefunzwa arobaini za mwizi kama ahadi ya kisasi ataihitimisha hesabu mapema, siku ya kwanza, kwa jiwe. Anayefunzwa kuwa siku hizo amepewa mwenye mali ili atafute alama, shahidi na hakimu, atazihesabu zote. Wa kwanza huenda akamuua asiyeiba. Wa pili, mwizi akija kupatikana, atakuwa na la kuthibitisha.