Kilichouzwa Hakirudishwi?



Juma lililopita hatukuonana katika ukurasa huu kwa kuwa tulikuwa safarini bara, tukimzuru binti yetu aliyeolewa Kitale. Sisi watu wa Pwani tumezoea joto, na Kitale uko juu, kadiri ya mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya usiku hupenya hadi mifupani. Kwa hiyo tulipofika Bungoma tuliona heri tununue blanketi zito kabla ya kuendelea na safari. Tuliingia duka moja kubwa, tukachagua lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, tukalipa shilingi 2,400 na kupewa risiti. Hatukulifungua. Mfuko ulikuwa ukimeremeta, nasi tulikuwa na haraka.

Usiku ule, tulipolikunjua mbele ya wakweze binti, tulikuta katikati yake tundu la kadiri ya ngumi, limeparazwa kwa uzi wa rangi nyingine, kisha blanketi likakunjwa ili tundu libaki ndani. Aliyelishona alijua. Hilo lilituuma kuliko baridi yenyewe.

Kesho yake tulikwenda soko la Kitale. Mama mmoja muuza mitumba alitutolea blanketi, na kabla hatujauliza bei alilitandaza juani, akatuonyesha ukingo uliofumuka. "Tazameni kwanza," alisema, "msije mkanilaumu mkifika nyumbani." Akapunguza bei kwa ajili ya ukingo ule. Tulilinunua kwa moyo mkunjufu, na hadi leo tunalipenda pamoja na aibu yake.

Siku tatu baadaye, tukirejea kupitia Kiminini na Kamukuywa, tulishuka Bungoma na kuingia duka lile tukiwa na blanketi na risiti mkononi. Mwenye duka hakulitazama blanketi. Alinyosha kidole ukutani: "Mzee, soma pale." Tukasoma: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Tunakiri kwamba hapo tulipandisha sauti, na wateja wengine wakageuka kututazama. Alipoona watu wanajaa, mwenye duka akasema, "Haya, mtarudishiwa. Lakini aliyewauzia ndiye atakayekatwa mshahara."

Msichana aliyetuhudumia alikuwa amesimama kando, ameinamisha kichwa. Ghadhabu yetu ikatuishia papo hapo. Haki yetu ilikuwa haki, lakini sasa ilitakiwa ilipwe na asiyedaiwa. Mama watoto ndiye aliyeuliza kwa upole, "Baba, ni huyu binti aliyelishona?" Hakujibiwa. Mwishowe tulikubaliana tupewe jingine la bei ndogo zaidi, na yule msichana akalifungua mbele yetu juu ya meza, upande huu na upande ule. "Samahani, mama," alinong'ona. Tuliondoka bila kujua kama alikatwa mshahara au la, na jambo hilo halijatutoka moyoni.

Basi ni ipi hukumu ya kibao kile? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ametoa dhamana ya ubora huo, hata kama hakutamka neno. Maandishi ya ukutani hayaifuti dhamana hiyo. Aliyebadili nia tu, bila ya kasoro yoyote, hana madai kama hayo. Hata hivyo Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimsifu muuzaji anayekubali kurudishiwa na mwenzake aliyejuta.

Ama kuhusu kasoro iliyofichwa, dini yetu ilikwisha sema zamani. Mtume alipita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenyewe akasema ni mvua. Akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona. Watu wa Kitale wanakielewa kisa hiki vyema, kwani mahindi yao yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 Bodi ya Nafaka huyakataa. Yule mama wa mitumba aliuweka unyevu wake juu. Mwenye duka aliukunjia ndani.

Tungeweza kukomea hapo na kuwalaumu watu wa mbali. Lakini tuliporudi nyumbani tulikwenda kununua sukari katika duka la mtaani, la mwenzetu tunayesimama naye safu moja msikitini, na tulipoinua macho tulikiona kibao kile kile. Tumekipita miaka mingi bila kukisoma. Enyi wenye maduka miongoni mwetu, tunakuombeni mkitazame upya, na msiwabebeshe vijana wenu wa kazi hasara msiyotaka kuibeba. Nasi wanunuzi tufungue mfuko kabla ya kulipa, tutunze risiti, na tumdai mwenye mali bila ya kumfokea mwajiriwa wake. Wahenga walisema biashara haigombi. Haigombi pale kila upande unapoonyesha ilicho nacho.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali yenye baraka. Tukutane juma lijalo, inshallah.