Bandari tunapiga makofi, uchumba sugu kimya!

Wadau, kuna kitu kinanikera siku nyingi, leo ngoja nikiseme.

Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC) lilitoa tamko la kupinga mkataba wa bandari na DP World, likasomwa makanisani. Hapa Mabibo likawa gumzo kuanzia Mahakama ya Ndizi mpaka hosteli. Hata washkaji ambao misa ni Krismasi kwa Krismasi wakawa wanawasifia maaskofu. Wengine wakasema dini isichanganywe na siasa. Poa.

Desemba 18 mwaka huo huo Vatican ikatoa waraka wa Fiducia Supplicans, unaoruhusu mapadri kuwabariki wapenzi wa jinsia moja, bila kuhesabu kuwa ni ndoa. Moto ukawaka! Januari 2024 maaskofu wa Afrika, kupitia Kardinali Ambongo wa Kinshasa, wakasema baraka hizo kwa wapenzi hao Afrika hapana. Makofi tena.

Sasa mbona mafundisho yanayotugusa wenyewe hatuyashangilii wala hatuyapingi? Tangu Papa Paulo VI atoe Humanae Vitae mwaka 1968, Kanisa linakataa vidonge, sindano na vijiti vya uzazi wa mpango. Mtaani watu wanatumia kimyakimya, Jumapili wako kwenye benchi kama kawa. Inaonekana maadili tunayapenda yakimbana mwingine.

Ila linaloniuma zaidi ni la uchumba sugu. Nyumba ngapi huku watu wanaishi pamoja bila ndoa, eti mahari haijaisha, mara ukumbi ni ghali? Kwa taratibu za Kanisa hao hawapokei komunyo. Angalieni anayebaki amekaa wenzake wakipanga mstari: mara nyingi ni dada mwenye mtoto mgongoni. Jamaa mwenyewe hata kanisani hajaja! Na jumuiya ikikutana kwake, dada huyo ndiye anafagia, anatandika mikeka, anachanga, halafu akitoka nje anasemwa.

Hapa siwezi kuwabebesha maaskofu peke yao. Ndoa ya kanisani inahitaji hiari ya wawili, padri na mashahidi wawili. Ukumbi, MC, keki na kamati ya kuchangisha mamilioni ni vyetu sisi (na wazazi wetu, tusifichane). Ila paroko naye angeweza kumfuata yule jamaa nyumbani, kuliko kumwacha dada abebe aibu ya wawili.

Haya makaka wa Mabibo mnaokaa na watoto wa watu mwaka wa sita huu, mnasubiri nini? Karibuni mjitetee.